Ile Kazi ya Kufungua Sanda

Masomo ya kusoma kabla: Yohana 11:38-44 na Marko 5:35-43

Tunawasalimu wote, ninyi mnaotusikiliza redioni na ninyi mtakaosoma karatasi hii baada ya ibada: wapendwa wa hapa Kamanyola, wa Luvungi, wa Nyangezi, wa kule juu Bukavu, na wote wa bonde hili la Ruzizi. Tunawasalimu zaidi ninyi mnaosikiliza mkiwa kitandani, na ninyi mlioketi kando ya kitanda cha mwingine. Neno la leo ni lenu.

Leo hatukuja kufundisha namna ya kuombea mgonjwa. Jambo hilo kanisa letu linalijua. Mtu akiugua tunafunga, tunakesha, wazee wanakwenda na mafuta kama Yakobo alivyoagiza. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, na tusiyaache hata siku moja. Leo tunataka kusema juu ya siku inayofuata, siku ile mgonjwa ametoka hospitali, amerudi nyumbani, nasi tumekwisha kumshukuru Mungu. Siku hiyo nani anakwenda kwake?

Kabla ya kufundisha wengine, tuanze kwa kutubu sisi wenyewe, sisi wa kikundi cha ziara kwa wagonjwa.

Mama mmoja wa kanisa letu, mkulima wa mpunga, alianguka asubuhi akitoka kuchota maji. Mdomo ulikwenda upande. Mkono na mguu wa kuume vikalegea kabisa. Maneno yakakatika. Hospitali waliona ni tansio, lile shinikizo la damu, ambalo lilikuwa limepanda siku nyingi bila yeye kujua, na mshipa wa damu ulikuwa umeziba ndani ya ubongo. Sisi tulifunga siku tatu. Tulichanga, wenye dola wakatoa dola, wenye mchele wakatoa mchele. Akapelekwa Bukavu, na baada ya wiki tatu gari ikamrudisha, ikishuka polepole makorongo ya Ngomo.

Siku ile tulimpokea kwa shangwe. Kwaya ilikuwa barabarani, wamama walitandaza vitenge chini, ngoma zikapigwa. Mchungaji akatoa sala ya shukrani, na ushuhuda wake ukasomwa hata hapa redioni. Kisha kila mtu akaenda kwake.

Hazikupita wiki tano. Mmoja wetu alipita njia ile akiwa na shughuli nyingine, akaona apige hodi. Kabla ya kuingia ndani alikutana na harufu. Mama alikuwa amelala chali, vilevile kama alivyolazwa siku ile tulipoondoka. Chini ya mgongo alikuwa na kidonda chenye upana wa kiganja. Vidonge vya tansio vilikuwa vimeisha, na hakuna aliyenunua vingine, kwa sababu ndugu mmoja wa kanisa alikuwa amewaambia watu wa nyumba ile kwamba mtu aliyeponywa akiendelea kumeza dawa anakana muujiza. Aliyekuwa akimlinda ni binti yake wa miaka 14. Alikuwa ameacha shule.

Tulipokwenda wote kesho yake, binti yule hakutukasirikia. Alisema neno moja tu: "Mlikuja na ngoma, mkaondoka na ngoma."

Wapendwa, neno lile lilitulaza macho. Hospitali ilikuwa imefanya kazi yake. Mungu alikuwa amesikia maombi, maana mama alikuwa hai. Waliokosa ni sisi.

Sasa turudi kwenye somo letu la Yohana 11. Lazaro amekufa siku nne. Bwana anafika kaburini. Angalieni vizuri nani anafanya nini pale. Kuna jiwe mlangoni: Bwana anawaagiza watu waliondoe. Kuna mfu ndani: hapo Bwana hamwagizi mtu, anaita yeye mwenyewe, na mfu anatoka. Lakini anatoka namna gani? Anatoka amefungwa, mikono na miguu ndani ya vitambaa, na uso wake umefunikwa. Anaishi, lakini hawezi kutembea sawasawa, hawezi kushika kitu, hawezi kuona njia. Ndipo Bwana anawageukia tena watu na kuwaagiza wamfungue, wamwache aende.

Tujiulize: yule aliyeweza kumrudishia uhai mtu wa siku nne, je, fundo la kitambaa lingemshinda? Halingemshinda. Kazi ile aliiacha makusudi kwa ndugu na majirani. Kufufua ni kwake yeye. Kufungua sanda ni kwetu. Na kama siku ile watu wa Bethania wangekimbilia kijijini kutoa ushuhuda, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kusimulia, Lazaro angebaki pale mlangoni pa kaburi, hai na amefungwa. Ndivyo tulivyomfanyia mama yetu.

Na katika Marko 5 ni vilevile. Binti wa Yairo ameinuka, umri wake miaka 12. Nyumba nzima imeshangaa. Katika kushangaa, watu husahau mambo ya kawaida. Bwana hakusahau. Aliagiza apewe chakula. Muujiza ukiisha, sufuria inapaswa kuwekwa motoni.

Baada ya aibu ile, tulimwomba muuguzi mmoja wa kanisa letu, mmoja wa wale ambao wengi wetu tunawaita tu waganga, atufundishe. Tulikaa naye Jumamosi nne chini ya mwembe. Alikuja na daftari lake la zamani la shule, na yale aliyotusomea ndiyo tunayowagawia leo.

Alitufundisha kwamba katika shule za wauguzi za nchi yetu, mwanafunzi hujifunza mapema jina la mama mmoja wa Marekani, Virginia Henderson. Mama huyo alizaliwa 1897, akafa 1996, na maisha yake marefu aliyatumia kufundisha uuguzi. Alitaja mahitaji 14 ya kila binadamu, mzima au mgonjwa. Kupumua. Kula na kunywa. Kwenda haja. Kujigeuza na kutembea. Kulala. Kuvaa. Kutosikia baridi wala joto la kupita kiasi. Kuwa safi. Kujikinga na hatari. Kuzungumza na wenzake. Kumwabudu Mungu kwa kadiri ya imani yake. Kufanya kazi inayompa thamani. Kucheza na kufurahi. Na kujifunza.

Mmesikia la kumi na moja? Tulipolisikia tulipiga makofi. Lakini muuguzi wetu akatuuliza: "Hilo la kumi na moja mlimtimizia. Na yale kumi na matatu?" Tukanyamaza.

Akaendelea. Henderson alifundisha kwamba mtu mgonjwa hukosa moja kati ya vitu vitatu, au vyote vitatu: nguvu, nia, au maarifa. Muuguzi yupo ili kujaza pale palipopungua, na kumwongoza mgonjwa arudi kujitegemea upesi kadiri inavyowezekana. Shikeni vitu hivyo vitatu: nguvu, nia, maarifa. Mkiingia kwa mgonjwa, msiulize tu anaumwa nini. Angalieni amepungukiwa nini kati ya hivyo.

Mwingine anajua kila kitu na anataka sana kupona, lakini mkono hauinuki: huyo anahitaji mikono yetu. Mwingine ana nguvu ya kuinuka lakini moyo umekufa, anageukia ukuta: huyo anahitaji mtu wa kukaa naye. Mwingine ana nguvu na nia, lakini hakuna aliyemweleza kwamba vidonge vile havimezwi siku tano tu: huyo anahitaji maelezo. Ukimpelekea mchele mtu aliyekosa maelezo, umefanya wema, lakini mwezi ujao utamkuta ameanguka tena.

Na neno lile la kujitegemea upesi lilitugusa sana, kwa sababu sisi tukipenda mtu tunamfanyia yote. Mama yetu mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Angeweza kushika kijiko. Lakini binti alimlisha kila siku, kwa upendo na kwa haraka. Muuguzi akatuambia tumwachie kijiko, hata uji ukimwagika. Kumlisha mtu anayeweza kujilisha ni kumfunga sanda nyingine.

Tusidhani kwamba mafundisho haya yako mbali, Ulaya au Marekani. Tunao mfano kwetu, na umetoka katika nyumba ya Kipentekoste. Tunasema juu ya Hospitali ya Panzi kule Bukavu, ambayo ni ya jumuiya ya CEPAC.

Wengi mnajua habari za Daktari Denis Mukwege. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste mjini Bukavu. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba. Mtoto Denis akamuuliza kwa nini hakutoa dawa pia, na baba akamjibu kwamba dawa ni kazi ya waganga, yeye hakuisomea. Hapo ndipo yule mtoto aliazimu kuwa mtu wa dawa, ili baba aombe naye atibu. Baba hakukasirika. Hakumwambia mtoto kwamba amekosa imani. Tuwaze: kama angemkemea siku ile, wangapi wangekosa msaada?

Mukwege alisoma Bujumbura, akaanza kazi Lemera, kule milimani juu ya bonde letu hili, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera. Wazee wetu wanakumbuka yaliyotokea tarehe 6 Oktoba 1996. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Jambo lile lingetosha kumvunja mtu moyo. Lakini mwaka 1999 Panzi ikaanza, na 2018 dunia ikampa Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Tuzo ile tunaifurahia, lakini hatukuileta hapa kwa ajili ya sifa. Tunataka mwone namna wanavyomhesabu mgonjwa kuwa amepona. Chukueni mfano wa fistula. Mama anashikwa na uchungu siku mbili, siku tatu, mbali na hospitali. Kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama za ndani mpaka zinakufa, na tundu linafunguka. Wengine wanapata tundu hilo kwa sababu ya ukatili wa vita. Toka siku hiyo mkojo unatiririka bila kuzuilika. Mume anahama chumba. Na tuseme kweli, hata katika benchi la kanisa watu wanasogea.

Daktari anaziba tundu kwa upasuaji. Ni kazi ya saa chache. Lakini baada yake mama anakaa na mpira wa mkojo kwa siku nyingi, mara nyingi kama wiki mbili, na muuguzi anamfundisha kunywa maji mengi ili mpira usizibe. Akirudi nyumbani, kuna mambo ambayo hana budi kuyashika. Asibebe mizigo mizito, na ninyi mnajua mizigo ya wamama wetu, ile ya mgongo yenye kamba kwenye paji la uso. Asikutane na mumewe kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, kama alivyoagizwa. Na akipata mimba tena, asijaribu kuzalia nyumbani. Aende mapema hospitali, maana kwa kawaida atahitaji kuzalishwa kwa upasuaji.

Sasa niambieni: mambo hayo matatu, nani anayatimiza? Si daktari. Ni mume, ni mama mkwe, ni jirani anayekubali kumbebea bidoni la maji, ni kanisa. Mkono wa daktari hauvuki Ngomo kuja mpaka jikoni kwenu. Nyumba ikikataa kushika maagizo, ile kazi ya saa chache inaweza kufumuka.

Kwa sababu hiyo, Panzi hawatibu mwili peke yake. Kazi yao ina sehemu nne: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, msaada wa sheria kwa aliyedhulumiwa, na kumsaidia mtu apate riziki yake na kurudi kati ya watu. Kule kuna wamama wanaoitwa mamans chéries, maana yake wamama wapendwa. Kazi yao ni kumpokea mgonjwa, kumsikiliza na kuwa naye siku zote za matibabu, mpaka anapojiandaa kurudi. Na kuna nyumba iitwayo Dorcas, kwa wale ambao baada ya kupona hawana pa kurudi. Humo wanajifunza kushona, kusuka vikapu, kusoma na kuandika. Jina la Dorkasi mnalijua kutoka Matendo 9, yule mama aliyewashonea wajane nguo.

Basi, sisi wa Kamanyola hatuna Panzi. Tuna kituo cha afya, tuna wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba, na tuna kanisa. Hayo yanatosha kwa kuanzia. Tunataka kuwaachia mambo ya kufanya, yale tuliyofundishwa chini ya mwembe, hasa kwa mtu aliyepooza upande mmoja, maana nyumba zenye mgonjwa wa namna hiyo ni nyingi.

La kwanza ni siku yenyewe ya kuanguka. Mkiona mdomo umekwenda upande, mkono mmoja unaanguka ukiinuliwa, au maneno hayaeleweki, msimpeleke kwanza chumba cha maombi. Mpelekeni hospitali saa ileile. Ombeni mkiwa juu ya pikipiki, ombeni mkiwa njiani. Mungu anasikia hata njiani, na kila saa inayopita ubongo unaharibika zaidi.

La pili ni kumgeuza. Mtu asiyeweza kujigeuza, ageuzwe kila saa mbili, upande huu, upande ule, usiku na mchana. Nyama ikilaliwa mahali pamoja inakosa damu na kufa. Kila siku angalieni visigino, nyonga, na pale chini ya mgongo. Mkiona pamekuwa pekundu au peusi kuliko kawaida, pasilaliwe tena, wala msipasugue. Shuka lisiwe na mikunjo, na hapa kwetu penye joto, jasho na mkojo vikaushwe upesi. Kidonda kikifunguka, msitie majani wala unga wa dawa za kuponda, mwiteni muuguzi. Wengine mtauliza, nani ana saa ya kuhesabu? Saa yenu ni redio hii. Kipindi kikiisha, mgeuzeni. Usiku, familia na majirani wapeane zamu.

La tatu ni chakula. Aketi wima kabla ya kula, asilishwe amelala. Kijiko kidogo, ameze, mngoje, ndipo kingine. Akikohoa kila anapokunywa maji, ni dalili kwamba yanakwenda njia ya mapafu. Mwambieni muuguzi, naye ataonyesha vyakula vya kumfaa, kama uji mzito.

La nne ni viungo. Msimvute kwa mkono uliolegea, bega linaweza kuteguka. Uwekeni juu ya mto. Asubuhi na jioni, kunjeni na kunyoosha kila kiungo polepole, pasipo kumwumiza, vidole mpaka bega, kidole cha mguu mpaka nyonga. Akianza kusimama, msaidizi asimame upande ule dhaifu. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Msiseme atafanya mazoezi akipata nguvu. Nguvu inatoka katika mazoezi.

La tano ni maneno. Mtu aliyepoteza usemi hakupoteza akili. Msizungumze juu yake kana kwamba hayupo. Mwulizeni maswali ambayo atajibu kwa kichwa, ndiyo au hapana. Mpeni muda. Mkimsomea Neno, someni polepole, na wimbo anaoupenda mwimbieni. Wapo waliokosa maneno lakini wimbo ukaja, nasi tumeona kwa macho yetu.

La sita ni dawa, na hapa tunasema kwa sauti. Vidonge vya tansio havikani muujiza. Tansio haiumi, kwa hiyo mtu anajisikia vizuri, anaacha, na siku moja anaanguka tena. Mtu wa kifua kikuu naye anaanza kujisikia mzima mapema, lakini dawa zake za kawaida ni za miezi 6, na zinatolewa bure. Akiziacha katikati, ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Hezekia alipougua, Isaya alimletea neno la Bwana la kupona, kisha yeye yuleyule nabii akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Someni 2 Wafalme 20. Nabii hakuona aibu kushika neno kwa mkono mmoja na dawa kwa mkono mwingine. Yeyote anayetaka kusema kwamba amepona kabisa, arudi kwa daktari apimwe. Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma waende wakaonekane kwa makuhani. Mponyaji wa kweli haogopi kupimwa.

Bado kuna mtu mmoja ambaye hatujamtaja. Ni yule mlinzi wa mgonjwa, gardemalade. Mara nyingi ni mke, au binti, au nyanya aliyechoka. Huyo halali. Anakula makombo. Watu wanaingia, wanamsalimu mgonjwa, wanaomba, wanatoka, naye wamemvuka kama kizingiti. Wapendwa, mkienda ziara, nusu ya ziara iwe yake. Mwambieni: "Mama, nenda ukaoge, ukalale, sisi tutakaa mpaka jioni." Mfulieni. Mpikieni sombe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hawezi kumgeuza mgonjwa kila saa mbili kwa mwaka mzima.

Sasa mtataka kujua habari za mama yetu. Tutasema kweli, bila kuongeza chumvi. Kidonda kile kilichukua miezi mingi kufunga. Tulipeana zamu, na zamu nyingine tulizikosa, tukatubu, tukaanza tena. Vidonge vinanunuliwa na kikundi cha wamama kila mwezi. Mkono wa kuume haujarudi. Mguu umerudi kiasi: anatembea na fimbo kutoka kitandani mpaka mlangoni, na siku njema mpaka chini ya mwembe. Anachambua maharagi kwa mkono wa kushoto, na ole wako ukimpokonya ungo ukidhani unamsaidia. Maneno yake ni machache. Katika ibada anashika benchi la mbele na kusimama wimbo mmoja mzima, kisha anaketi.

Binti yake alirudi shule. Amepoteza mwaka mmoja, na mwaka ule hatuwezi kumrudishia. Tunautaja hapa ili nyumba nyingine isiupoteze.

Basi, juma hili tunaomba kila kanisa linalotusikia lifanye mambo matatu. Kwanza, andikeni majina ya wote waliotoka hospitali ndani ya miezi mitatu iliyopita. Pili, kwa kila jina wekeni watu wanne wa zamu, kama wale wanne wa Marko 2 waliombeba mwenzao mpaka darini. Kila mmoja ashike pembe yake ya kitanda. Tatu, mwombeni muuguzi wa kituo chenu cha afya Jumamosi moja awafundishe. Hamtahitaji fedha nyingi. Mtahitaji benchi, daftari, na moyo wa kukubali kufundishwa.

Na siku mgonjwa mwingine atakaposhuka kutoka Bukavu, pigeni ngoma, imbeni, tandazeni vitenge. Ngoma si kosa. Lakini ngoma zikinyamaza, wanne wabaki.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyemwita Lazaro, tunakushukuru kwa kila uliyemrudisha kwetu akiwa hai. Utusamehe tuliomwacha mlangoni amefungwa. Uipe mikono yetu subira ya kufungua fundo moja moja. Ubariki madaktari, wauguzi, na wanafunzi wanaojifunza kazi hiyo katika siku hizi ngumu. Uwape usingizi wale wanaolinda wagonjwa usiku huu. Na aliye kitandani sasa hivi akisikia sauti hii, ajue hajasahauliwa, na mlango wake ugongwe kabla juma halijaisha. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.